Pia ya Goti

Mara ya kwanza ilitoka akiwa na miaka kumi na mitatu,
kwenye ngazi za shule, akigeuka kumjibu mtu.
Ikarudi yenyewe kabla hajamaliza kulia.
Nikamkanda kwa barafu, nikasema ameteguka tu,
nikarudi kwenye cherehani yangu.
Kosa hilo ni langu. Nalitaja kwanza.

Mara ya nne ilikuwa jukwaani, hapa Kutaisi,
katika kartuli, ngoma ambayo msichana
huteleza kana kwamba chini ya gauni hana miguu,
na mvulana humzunguka, mikono kaitandaza,
wala haruhusiwi kugusa hata upindo.
Gauni nililishona mimi: hariri nyeupe,
ndefu, inayositiri kila kitu.
Basi hakuna aliyeona pia ikihamia upande wa nje.
Waliona gauni likipungua kimo,
likikaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika,
na Gocha, mchezaji mwenzake, kasimama, mikono hewani,
hajui sheria ya ngoma inaishia wapi.

Ngoma ziliendelea mapigo kumi na mawili.
Nilihesabu.

"Mfereji wa mfupa wake hauna kina,"
alisema Daktari Nestani. "Pia inakaa kama yai juu ya meza.
Na kano iliyokuwa ikiishika kwa ndani imekwisha."
Nikamuuliza atashona kwa uzi gani.
Akavitazama vidole vyangu, akatabasamu.
"Uzi ni wake mwenyewe. Nyuma ya paja ipo kano nyembamba,
yapata shubiri moja. Mwili utanisamehe nikiichukua."

Hilo nililielewa.
Hivyo ndivyo nilivyorefusha sare zake zote za shule:
nakopa kwenye pindo, nalipa kwenye mikono.

Akanichorea nyuma ya risiti ya vitambaa:
matundu mawili kwenye pia,
moja kwenye mfupa wa paja, na skrubu ndogo,
kano ikipita katikati kama hatamu.
"Kaza sana," nikamwambia.
"La, mama. Hapo ndipo mkono huponza.
Nikikaza mno, goti litagoma kukunja, gegedu itasagika.
Lazima niiachie icheze: niisukume kwa kidole,
iende kidogo, irudi."

Saa moja na dakika arobaini
nilikaa koridoni na sindano isiyo na uzi.

Wiki ya pili, digrii thelathini.
Wiki ya sita, tisini, na jasho.
Kuna asubuhi Pikria aliutazama msuli wa paja lake,
akauamuru: nyanyuka.
Ukalala tu, kama paka wa jirani.
Akauamuru tena. Siku kumi na moja akauamuru,
ndipo ukatikisika, chini ya ngozi, kidogo,
tukapiga kelele hadi ghorofa ya chini wakagonga dari.

Na mimi kila ngazi nilimshika kiwiko.
Kila ukingo wa barabara, kila sakafu yenye maji.
Siku moja, tukivuka daraja la mto Rioni, akasimama.
"Mama," akasema, "umekaza mno."

Mwezi wa tisa, usiku, nikasikia mlio jikoni:
tik, tik, kama kucha juu ya kigae.
Nikaenda. Amevaa kaptura na soksi,
makovu yake matatu wazi, moja bado la zambarau,
naye anateleza kutoka jiko mpaka dirishani.
Ndipo nikaona kilichokuwa chini ya hariri miaka yote:
hatua fupi fupi, za haraka, zenye taabu,
magoti yakifanya kazi ya punda
ili kichwa kionekane kinaelea.
Na mimi nilikuwa nikiyashonea kificho.

Akageuka penye kona ya meza, upande ule ule mbaya.
Pia ikacheza. Ikarudi.
Nami nimesimama mlangoni,
mikono nimeitandaza,
sigusi.